Mvua ya Ndani ya Kompyuta

Mama yangu aliamini kwamba huku Guangzhou, China, mvua haikatiki. Kila Ijumaa nikimpigia, tukishamaliza shikamoo na marahaba, swali lake lilikuwa lile lile: "Huko bado kunanyesha?" Mwanzoni nilicheka. Nikamwambia, mama, hiyo si mvua, ni feni ya kompyuta. Akasema, "Haya." Ijumaa iliyofuata akauliza tena. Mama alishapofuka kwa presha ya macho, kwa hiyo mambo ya video kwake hayana maana. Mimi kwake ni sauti tu, na sauti yenyewe ilikuwa inamfikia huku feni inavuma juu yake.

Utasema si ungezima kompyuta ukapiga kwa simu ya mkononi. Hebu njoo ukae mtaa wetu wa Sanyuanli kwanza. Simu za intaneti za kupiga nyumbani hapa zimefungwa, hazipiti hivi hivi, zina njia zake za kuzungukia, na njia yangu mimi ilikuwa kwenye kompyuta. Ya mkononi ilikuwa inakata kila nikifika kwenye "watoto hawajambo?" Na chumba nilikuwa nacho kimoja: humo ndimo ofisi, ndimo stoo, ndimo kitanda. Ukitoka koridoni, kila mlango watu wanafunga mizigo, ule utepe mpana wa gundi unalia mtindo mmoja, huwezi kusikia hata unachofikiri.

Basi nikazoea. Mchana nazunguka soko la Shahe kutafutia nguo wateja wa Tanga na Moshi, nabishana na mabosi wa vibanda mpaka koo linakauka, narudi na picha, naziingiza kwenye kompyuta, nawatumia wateja, nasubiri wabadilishe mawazo. Na wanabadilisha, wallahi. Feni inavuma. Nakula, inavuma. Ikafika mahali nikawa siisikii tena, ila nikilala kichwa kinaniuma na sijui kwa nini.

Halafu ikaja Ijumaa moja akapokea dada yangu. Nikamwambia nipe mama. "Mama kasema nikusalimie," akasema. "Kasema amechoka kuongea na mvua."

Nilijifanya nacheka. Nikakata simu nikakaa juu ya robota la magauni, nikalia. Sisemi nilitokwa na machozi kidogo, nililia hasa. Baba hayupo, mume tuliachana, na huku ugenini watu wanakujua kwa mizigo yako. Mama asipokuja tena kwenye simu, mimi nimebaki na nani wa kuniita mwanangu?

Jirani yangu wa mlango wa pili alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, anapeleka simu kwao na kutengeneza kompyuta za watu. Ndiye aliyeniwekea Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, siku niliponunua ile mashine, maana ilikuja na Kichina kitupu na matangazo yanayoruka kila ukigusa. Nikamfuata. Alikuwa anatoka mbio kwenda bandarini Huangpu, kontena lake limekwama.

"Yaya, ile feni yako haina mtu wa kuiongoza," akaniambia huku anavaa viatu; kwao yaya ni dada mkubwa. "Iko inakimbia tu mbio zote, joto likiwepo lisiwepo. Unaweka programu, inaangalia joto, inaiambia feni pole pole au haraka. Nitakutumia maelezo kwa sauti. Utafanya mwenyewe, uko na akili."

Uko na akili! Mtu akikwambia hivyo ujue hana nafasi ya kuja.

Alinitumia maelezo mafupi mafupi, nyuma yake honi za malori. Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaanza. Programu ya kwanza kazi yake ni kutafuta vipimajoto vilivyomo ndani ya mashine. Inauliza maswali: nikague huku? Nikague na huku? Mimi nimezoea Shahe, ukiulizwa kitu unakataa kwanza, halafu ndiyo mnaongea. Nikawa najibu hapana, hapana, hapana. Mwisho ikaniambia haijaona kipimajoto chochote. Nikamrushia Mkongo ujumbe wa matusi mepesi. Akajibu, "Yaya, kwani iko inakuuzia kitu? Kubali!" Nikarudia, nikawa nabonyeza kukubali tu, na kweli vikatokea: joto la prosesa, ule ubongo wa mashine, joto la ubao wake, na kasi ya feni, vyote vimepangwa vizuri kwenye skrini.

Programu ya pili ndiyo iliyonishtua. Ili ijue waya upi unaendesha feni ipi, inazizima feni moja moja kwa muda mfupi, inaangalia ipi imesimama. Ilinionya, nikakubali. Feni ya nyuma ikasimama, na kabla haijazunguka tena, ile kubwa ya juu ya prosesa nayo ikanyamaza.

Jamani, kile chumba. Sikuwahi kukisikia. Nilisikia utepe wa jirani ukilia, nikasikia maji yakidondoka kwenye sinki, nikasikia mtu anapumua kwa shida, fyuu, fyuu, kama aliyepanda ngazi na mzigo. Nikageuka kuangalia mlango. Hakuna mtu. Ni mimi, na nilikuwa nimekaa. Kisha feni zikawaka tena na nikaendelea na kazi.

Ikaniuliza mipaka. Joto likiwa chini ya nyuzi arobaini na tano, feni iende taratibu kabisa. Likizidi sabini, iende mbio zote. Katikati hapo ipande na kushuka yenyewe. Na iwe na kasi ya kuanzia, maana feni ikisimama kabisa inataka kusukumwa ndipo izunguke. Nikahifadhi, nikaandika amri ya kuiwasha, nikakaa kusubiri utulivu wangu.

Feni ikavuma vile vile.

Nilipiga meza kwa kiganja mpaka kikombe kikaruka. Saa nzima nimeinama shingo imekufa, na ile mvua ya mama inanyesha kama kawaida! Nikaangalia joto la prosesa: sabini na nane. Sasa hapo ndipo nilipochoka kabisa, maana feni haikuwa na kosa. Ilikuwa inatii. Nimeiambia likizidi sabini kimbia, nayo inakimbia.

Nikamwambia Mkongo. Akajibu kwa kifupi akiwa kwenye kelele za makreni: "Angalia kama inapumua."

Inapumua vipi, mashine? Nikaivuta kutoka kwenye kona, katikati ya marobota mawili ya nguo za watoto nilikokuwa nimeibana. Nikaitazama. Ilikuwa na nailoni yake.

Nieleze hapa, maana mtu asiyetujua atadhani mimi ni mjinga. Muuzaji aliyeniuzia ile kompyuta kuukuu aliizungushia nailoni laini ya kufungia mizigo, ikabana na kung'aa kama mpya. Nilipoifikisha chumbani nilikata matundu ya nyaya na ya kitufe cha kuwashia, basi. Sikuitoa, na hakuna mwenzetu ambaye angeitoa. Sisi hapa hatununui kitu cha kukaa nacho. Kila kitu ni mzigo wa kwenda nyumbani siku moja, kwa hiyo kinatumika kikiwa kimefungwa, kisichubuke. Friji yangu ina nailoni, na jiko la umeme pia. Godoro nalilalia na nailoni yake, na joto hili la Guangzhou mpaka kuta zinatoka jasho. Nilipofika nilisema nakaa kidogo tu, nijipange, nirudi. Kila mwaka nasema hivyo, na nailoni naziacha.

Niliizima kompyuta, nikaichana ile nailoni kwa mkasi wa kufungulia marobota. Nyuma kulikuwa na vumbi limegandamana na nyuzi za nguo, zito kama blanketi, limeziba matundu yote ya hewa. Nikalifuta kwa brashi ya kanzu, nikapiga chafya mpaka mbavu zikauma. Nikaiwasha upya.

Programu ikakataa. Eti kipimajoto ilichokariri hakipo. Mkongo akanieleza kuwa mashine ikizimwa na kuwashwa, vile vipimajoto huweza kubadilishana namba, na programu inaenda kugonga mlango ambao siyo. Sikuwa na nguvu hata ya kukasirika. Nikarudia mipangilio yote tangu mwanzo, na mara hii ikapokea.

Feni ikapiga kelele kidogo ya kuanzia, ikashuka, ikashuka tena. Joto arobaini na moja. Niliweka sikio karibu nikadhani imezima, kumbe inazunguka taratibu. Nikalala usingizi wa mchana mpaka utosi ukapoa.

Ijumaa nilimpigia dada kabla. Nikamwambia mbembeleze mama, mwambie leo tu, leo hakuna mvua. Nilikuwa nimekaa mbele ya kompyuta nimeshika kanga kwa mikono miwili, saa kumi ya alasiri kwangu, kwao saa tano asubuhi. Nikasikia mkeka, nikasikia fimbo yake, nikasikia simu inapokezanwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Alikuwa anasikiliza. "Imekatika, eh?"

"Imekatika, mama."

"Alhamdulillahi. Hujambo mwanangu? Mzima?"

"Mzima, mama. Sijambo kabisa, kazi zinaenda, Mungu anasaidia." Maneno yale yale ya kila Ijumaa. Nayasema kama salamu, hata siyafikirii.

Kwao jogoo akawika, nami nikamsikia waziwazi. Nilidhani mama kaiweka simu chini, nikaita, mama? Mama?

"Nipo," akasema. "Nakusikiliza unavyopumua."

"Nimetoka kupanda ngazi, mama."

"Hujapanda ngazi. Nasikia kiti kinavyolia, umekaa." Kisha akauliza taratibu, kama anavyouliza mtu aliyekukuta umelala kitandani kwake ukiwa mtoto na homa: "Umechoka tangu lini, mwanangu?"

Nikaangalia kompyuta. Nilitaka kitu kivume, chochote, nipate kusema sikusikii mama, mvua. Joto thelathini na tisa. Feni ilikuwa inazunguka kimya, kama nilivyoipanga mwenyewe.

"Siku nyingi, mama," nikasema.

"Basi," akasema mama. "Basi, nimekusikia."