Uzi wa Nne wa Protus Oundo

Protus Oundo alimpoteza dada yake mchana kweupe, mbele ya watu waliokuwa wakila samaki, katikati ya wimbo ambao wote wawili waliufahamu tangu utotoni.

Nilimjua kwenye msururu wa malori pale Busia. Kila mpaka niliowahi kuvuka una mtu mmoja anayejua kasoro ya karatasi zako kabla afisa hajazigusa. Busia, mtu huyo ni Protus. Ana miaka hamsini na mitatu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni, na kalamu mbili mfukoni. Anamfanyia kazi wakala wa forodha, akiwajazia madereva fomu za mizigo. Kwa mama wa mboga anaongea Kisamia, kwa walinzi Kiteso cha kuokoteza, ng'ambo Kiganda cha kununulia matoke, na kwa kila mtu mwingine Kiswahili.

"Boss, hapa umeandika namba ya gari mahali pa jina la baba," aliniambia siku ya kwanza. "Labda kama ulizaliwa na Scania."

Nilipocheka ndipo nilipoona vidole vyake vya mkono wa kushoto. Ncha zilikuwa ngumu na nyeusi kama kwato. Nikamuuliza. Alimaliza kwanza kujaza fomu, akapiga mstari chini, kisha akasema, "Gitaa. Lakini hiyo ni hadithi ya dada yangu."

Baba yao alipiga gitaa kwenye harusi na matanga, kutoka Funyula hadi karibu na daraja la Malaba. Alikuwa wa kizazi kile kilichojifunza rumba kwa redio za Kongo, na kama wengi wao aliung'oa uzi wa nne, ambao ni mnene, akaweka mwembamba mahali pake, ukalia juu sana. Hapo gitaa lilimetameta hata penye kelele za ngoma na vigelegele. Alipofariki, Protus alibaki na gitaa, na Benedetta, aliyemzidi miaka minne, akabaki na nyimbo. Protus hakuwahi kuwa na gitaa jingine. Busia nyuzi huuzwa mmoja mmoja, na kila uzi wa nne ulipokatika alinunua mwembamba, kwa kuwa ndivyo gitaa lilivyo.

Benedetta aliolewa Budalang'i, akawa muuza samaki. Kila Ijumaa alileta kapu la samaki kwenye hoteli moja mjini Busia. Alilikabidhi jikoni, akaosha mikono kwa ndimu, akavua aproni, akasimama kando ya kaka yake na kuimba wakati wa chakula cha mchana. Watu walimpenda. Madereva waliokwama siku tatu mpakani walisema sauti yake inafanya foleni isonge.

Kisha wageni wakabadilika. Wakaja watafiti kutoka kituo cha Alupe, wakaja watu wa mikutano na vitambulisho shingoni. Fazila, msimamizi wa hoteli, akamwita Protus pembeni.

"Mzee, wageni wanataka kuongea. Wewe unawapigia kama wako parking ya malori."

"Nipige vipi, mama?"

"Taratibu. Kijazi-jazi."

Protus hakuudhika. Kwa kweli alikuwa akiungoja mlango huo. Kwenye simu yake, yenye kioo kilichopasuka, alikuwa amempata mwalimu wa Kizungu mwenye upara aliyefundisha namna ya kumsindikiza mwimbaji. Kila alfajiri kwa mwaka mzima Protus alikaa nyuma ya nyumba juu ya debe la maji, simu akiiegemeza ukutani, akajifunza upya kazi aliyoifanya miaka thelathini.

Alinieleza kwa noti za kwaya, maana wote wawili walilelewa kanisani. Baba alimfundisha kukamata do, mi na so, na kuzipiga nyuzi zote sita kwa nguvu. Mwalimu wa kwenye simu alisema, do mwachie mpiga besi. So haina habari mpya, iache. Shika mi na ti, hizo mbili zinatosha kuwaambia watu uko wapi. Ukipenda, ongeza re kwa utamu. Kisha nyamaza, noti zikiendelea kulia zenyewe. Ingia pale tu mwimbaji anapovuta pumzi.

"Mimi nilikuwa najaza kila nafasi kama fomu," Protus alisema. "Huyu mtu akanifundisha kuacha nafasi wazi."

Mwaka ulipoisha vidole vyake vilikwenda kama vya yule mwalimu. Akauvisha nguo mpya wimbo wa baba yao, ule wa mwanamke anayemwita mwenye mtumbwi kutoka ng'ambo ya mto Nzoia na mtumbwi hauji. Sauti ya mwimbaji huanza kwa re, inakaa juu ya hiyo re muda mrefu, halafu inashuka. Ijumaa ya kwanza Benedetta aliingia vizuri, na kabla hajashuka sauti yake ikateleza juu kidogo, ikatoka nje ya wimbo. Wakarudia, akateleza pale pale. Ijumaa ya pili hali ikawa ile ile.

"Kuna kitu kinanisukuma," Benedetta alisema.

"Hakuna mtu hapo, dada. Ni mimi tu."

"Basi ni wewe."

"Mimi sasa napiga noti tatu tu! Zamani nilipiga sita na hukulalamika."

Ijumaa ya tano hoteli ilikuwa imejaa. Sauti ilipoteleza, Protus aliusimamisha wimbo katikati, akavuta kipaza sauti kilichokuwa mbele ya dada yake. Hata leo anayasema maneno yale akitazama chini, na hayapunguzi hata moja.

"Wapendwa, mtuwie radhi. Gitaa limeenda shule, lakini sikio la dada yangu limezeeka."

Watu wakacheka. Walicheka bila ubaya, jinsi watu wanaokula wanavyocheka. Benedetta alikwenda jikoni, akachukua kapu lake tupu na aproni yake, akapita katikati ya meza zote, akaondoka. Tangu siku hiyo samaki waliletwa hotelini na mtu mwingine.

Nyumbani kwao mtu aliyemkosea ndugu yake hupeleka kuku. Kuku akichinjwa, maneno yamekwisha. Desemba hiyo Protus alituma jogoo mzuri kwa bodaboda mpaka Budalang'i. Jioni pikipiki ile ile ikarudi, na jogoo yuko juu yake akiwa hai, miguu imefungwa kwa kipande cha aproni.

"Mama amesema hivi," mwenye bodaboda alimwambia, akijizuia kucheka. "Sikio lake limezeeka, hamsikii huyu jogoo akiwika."

Protus alinisimulia hilo akitabasamu, tabasamu likamfia usoni. Jogoo alimfuga. Hakumchinja mpaka akafa mwenyewe.

Miaka mitatu ikapita hivyo. Machi mwaka huu Benedetta alipata kiharusi. Protus alikwenda hospitali, akamkuta amelala na nusu ya uso imelegea, akaacha machungwa juu ya kabati, akaondoka kabla hajaamka. Alijiambia kwamba mgonjwa hahitaji kuudhiwa. Baadaye akasikia amerudishwa nyumbani, anasikia na kuelewa kila kitu, lakini ulimi hautii.

Lililomwamsha halikuhusu ugonjwa. Hotelini walikuwa wamejaribu waimbaji wawili wengine baada ya Benedetta, mabinti wenye sauti safi. Wa kwanza aliuimba wimbo wa mtumbwi, akateleza. Protus akasema bado mchanga. Wa pili, mwezi Julai, akateleza pale pale, kwenye ile re, upande ule ule. Usiku huo Protus hakupata usingizi. Masikio matatu hayawezi kuzeeka mahali pamoja.

Jumapili yake akabeba gitaa akaenda Malaba kumwona Yasin, muuza vipuri vya malori aliyewahi kupiga kinanda miaka mingi katika mahoteli ya Kampala na Uarabuni. Kinanda bado anacho, kimekaa kati ya ngoma za breki na mikebe ya grisi. Yasin mwenyewe ndiye aliyenisimulia sehemu hii, kwa sababu Protus hawezi.

Protus alipiga, naye Yasin akaufuatisha wimbo wa mwimbaji kwa kidole kimoja. Akakunja uso.

"Rudia, ssebo. Hiyo mi unaichukua wapi?"

"Uzi wa nne."

"Naiona kwa uzi wa nne. Lakini naisikia hapa." Akabonyeza mi iliyokuwa ubavuni mwa noti ya mwimbaji. Akainuka, akapapasa nyuzi kwa kidole gumba. "Banange! Mzee, nani alikuwekea uzi mwembamba hapa?"

"Ndivyo gitaa lilivyo."

"Gitaa la nani?"

"La baba."

"Na la huyo Mzungu wako wa kwa simu?"

Protus akaitoa simu mfukoni. Kioo kilichopasuka hakionyeshi unene wa uzi, na spika ndogo ya simu humeza sauti zote za chini. Mwaka mzima alikuwa ameweka vidole mahali sahihi juu ya gitaa lisilo sahihi. Kwa nyimbo za zamani uzi ule ulikuwa pambo. Kwa mipigo hii mipya, yenye noti tatu tu na kila moja inasikika, uliipandisha mi mpaka mlangoni kwa mwimbaji.

Yasin aliteremsha gitaa lake bovu kutoka ukutani, akaling'oa uzi mnene, akaufunga kwenye la Protus. "Piga sasa." Vidole vilikaa vile vile, na mi ikashuka chini ya wimbo, kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Yasin akapiga makofi. "Sasa mwimbaji ana nafasi yake!"

Protus hakushangilia. Aliuliza, "Na yule aliyekuwa akiimba juu ya ule uzi mwembamba?"

"Huyo ulimtesa. Re yake na mi yako, bega kwa bega, zinasukumana." Yasin alikuwa akifuta grisi mikononi, hakumtazama usoni. "Mwenye sikio bovu asingehisi kitu, angeimba tu. Anayesukumwa ni mwenye sikio zuri."

Yasin anasema Protus alikaa juu ya tairi mpaka duka likafungwa.

Mimi karatasi zangu zilikuwa zimekwama, kwa hiyo aliponiambia anakwenda Budalang'i nilimfuata. Tulifika saa nne asubuhi. Maji ya mafuriko yalikuwa yamepungua, yameacha mstari wa tope kwenye kuta za nyumba, karibu na usawa wa kiuno. Vivianne, binti wa Benedetta, alikuwa akianika dagaa wa omena kwenye wavu. Aliliona gitaa kabla ya kutuona sisi.

"Mjomba. Umekuja na kuku?"

"Nimekuja na hili."

"Ungeleta kuku. Safari hii angeliwa. Mama hawezi tena kumrudisha."

Protus alipokea hayo kwa kuinamisha kichwa. Vivianne akatupisha.

Benedetta alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha, leso mabegani, mkono wa kulia umelala pajani. Macho yake yalikuwa makali na mazima. Alimtazama kaka yake, akageuzia uso dirishani.

Protus hakuomba msamaha kwanza. Alitoa mfukoni ule uzi mwembamba, umekunjwa kama pete, akauweka mezani mbele yake. Akasema, kama anayesoma fomu, "Dada, huu ndio uliokuwa ukikusukuma. Nimeutoa." Kisha akakaa kwenye kigoda, akapiga.

Alipiga noti chache sana. Mwanzo wa wimbo ukapita, akafika pale sauti inapoingia, akainua mkono na kuacha nafasi wazi. Niliangalia mikono ya Protus. Vivianne alikuwa akimwangalia mama yake.

"Ameingia," Vivianne alisema kwa sauti ndogo. "Mjomba, ameingia."

Nikageuka. Benedetta alikuwa bado anatazama dirishani, lakini upande mmoja wa mdomo wake ulikuwa umefunguka, umekaa juu ya ile re muda wake wote, halafu ukashuka mahali pa kushukia. Hakuna sauti iliyotoka. Protus alimwona. Akaendelea. Ubeti wa pili akaacha nafasi tena, na mdomo ukaingia tena, haukuchelewa, haukuteleza. Ubeti wa tatu machozi yalikuwa yakimdondokea Protus juu ya mbao ya gitaa naye hakuyafuta, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Wimbo ulipokwisha alisema, "Sikio lako halikuzeeka, dada. Halijawahi."

"Hilo yeye alilijua," Vivianne alisema. "Alikuwa akikaa pale nje anaimba peke yake, jioni nzima, anajipima. Mpaka Machi. Ungekuja kabla ya Machi, mjomba."

Protus akasema, "Najua."

Benedetta alikuwa amegeuka kutoka dirishani. Mkono wake wa kushoto, ule mzima, ulitambaa polepole juu ya meza mpaka ukaufikia uzi wa baba yao. Akauinua kwenye mwanga, akautazama muda mrefu. Kisha akauficha ndani ya kiganja, akafumba vidole, na Protus alipoinuka kuaga alikuwa bado hajavifumbua.