Ngoma ya Msiba Bila Maiti

Mimi ni mwoga. Nalisema mapema ili msomaji asikae akingoja ushujaa wangu. Nililelewa Jinja, karibu na kambi ya jeshi, ambako mama yangu aliuza chai na maandazi, na pale nilijifunza mambo mawili: Kiswahili, na kumtazama askari mikono badala ya uso. Uso wa askari waweza kucheka bure. Mikono haidanganyi.

Kisha nikaolewa mashambani, ndani kidogo ya barabara itokayo Mbale kwenda Tororo, si mbali na Busiu. Mume wangu alikuwa msomaji wa kanisa. Kwetu Waanglikana wa vijijini mchungaji mmoja hugawanywa kwa makanisa mengi, na kila kanisa lina msomaji wa kuendesha ibada mchungaji asipokuwepo, yaani karibu kila Jumapili. Mchungaji wetu alikuwa na makanisa sita na baiskeli moja yenye kiburi. Hakuna aliyejua atafika saa ngapi. Kwa hiyo tulikuwa na desturi yetu. Akitoka kanisa moja, msomaji wa pale alipiga ngoma. Kanisa la mbele likisikia, nalo lilipiga ya kwake, watu wakaacha ndizi jikoni wakatafuta viatu. Ngoma ikilia tulijua mchungaji yuko njiani na matangazo yake yote: nani anaoa, nani mgonjwa, akina mama wakutane wapi, mnada wa sadaka za mavuno ni lini.

Mama mkwe wangu hakunipenda, na sababu yake ilikuwa Kiswahili. Miaka ya nyuma, wanaume wenye bunduki walikuja nyumbani kwake wakamchukua mumewe, na amri zao zote walizitoa kwa Kiswahili. Mume hakurudi. Tangu hapo lugha hiyo kwake ilikuwa kama harufu ya moshi kwa mtu aliyeunguliwa na nyumba. Nikimbembeleza mtoto kwa Kiswahili alikuwa akiniambia, "Usimlishe mjukuu wangu sumu." Nami, kwa kuwa ulimi wangu ulikuwa haujalala bado siku zile, nilimjibu kwamba sumu hiyo mimi nimeinywa tangu utotoni na bado nanenepa. Basi tuliishi hivyo, hatupiki chungu kimoja.

Vita vilipofika upande wetu, jeshi liliweka kambi karibu na maduka. Doria zilipita barabarani, na sisi tukajifunza kupita kwenye migomba.

Jumapili ya mavuno mchungaji alianzia kanisa la mbali, akaja akishuka kwetu kanisa kwa kanisa. Nyuma yake, njia ile ile, ikaja doria. Hakuna aliyewaambia wale askari habari za desturi yetu. Wao walichojua ni kwamba kila walipokaribia mahali, ngoma ililia mbele yao. Walipita hapo, ikalia nyingine mbele zaidi. Ungekuwa wewe ndiye mwenye bunduki, ungefikiri nini? Hata mimi ningefikiri hivyo hivyo.

Walimkuta mume wangu uwanjani bado anapiga. Watu waliokuwa wanafika na kuku wao na mikungu yao ya sadaka waliwaona, wakatupa kila kitu wakakimbia. Mimi nilikuwa wa mbele. Nilikuwa nimekwisha kujilaza kwenye migomba, ndipo nikaona wamemfunga mikono, nikasikia wanamhoji.

"Wewe naita waasi?"

"Ndiyo, afande," mume wangu akasema.

Hakujua Kiswahili, maskini. Alijua neno hilo moja, maana wote tulifundishana kwamba askari akikuuliza jambo, jibu ni ndiyo.

"Waasi iko karibu?"

"Ndiyo, afande."

Nilimlaani moyoni kwa lugha zote ninazojua. Swali la tatu lingemuua. Nikatoka. Sitasema nilipata nguvu. Mkojo ulinitoka kidogo, hilo nalisema wazi. Nilitoka mikono juu, nikapiga magoti mbali nao kidogo.

"Afande, naomba kusema. Huyo hajui Kiswahili. Atakubali hata ukimwambia yeye ni mbuzi."

Aliyekuwa mkubwa wao aligeuka. Alikuwa mtu mrefu wa kaskazini, na msalaba mdogo wa mti ulining'inia juu ya vifungo vya shati lake. Mikono yake ilikuwa imetulia kabisa. Hilo ndilo lililonitisha.

"Wewe Kiswahili natoa wapi?"

"Jinja, afande. Mama yangu aliuza chai kambini."

"Hii ngoma nasema sisi nakuja."

"Inasema mchungaji anakuja."

"Mchungaji iko wapi?"

Nikatazama huku na huku. Mchungaji alikuwa mahali fulani kwenye mahindi, anaomba kwa bidii, naamini. Sikumlaumu, ila siku ile ningempiga kofi.

Afande akaamuru mume wangu afunguliwe mikono. "Sawa. Kama iko ngoma ya kanisa, piga. Watu nakuja kuomba, mimi naacha yeye. Watu hapana kuja, mimi najua nyinyi nadanganya." Hakusema kitakachofuata. Askari mmoja alisogea akasimama nyuma ya mgongo wa mume wangu.

Nikamtafsiria mume wangu, akapiga ngoma ya ibada, ile ya haraka haraka yenye furaha. Alipiga mpaka jasho likamtiririka shingoni. Hakuna jani lililotikisika. Na nani mwenye akili zake angekuja? Walikuwa wamewaona askari kwa macho yao. Wimbo ule ulikuwa unawaita watu waje mbele ya bunduki kwa shangwe. Mimi mwenyewe nisingekuja.

Nilimwona mume wangu ananitazama. Nikaelewa kwamba ananiaga, na hapo hofu ikanipandisha hasira.

"Afande," nikasema, "ngoma ya ibada mtu anaweza kuikimbia. Ya msiba hawezi. Mruhusu apige ya msiba."

"Nani nakufa?"

"Hakuna, afande. Bado."

Aliitazama ngoma. Kisha akainua kidevu, ndio kusema haya, nami nikamwambia mume wangu.

Ngoma ya msiba kwetu hupigwa pole pole, pigo moja, kimya, pigo jingine, kimya. Kwenye kila kimya nilihesabu watoto wangu watakaobaki bila baba. Nilijua nimefanya nini. Nimewaita majirani zangu wote mbele ya bunduki, na kwa uongo. Wakija wakapigwa risasi, damu yao ni yangu. Wasipokuja, mimi ni mjane. Sijawahi kuogopa vile tena, na nimeogopa mara nyingi.

Wa kwanza kutokea alikuwa mama mkwe wangu.

Alitoka kwenye migomba anatembea katikati ya njia, mwanamke ambaye kwa miaka mingi akisikia Kiswahili hujifungia ndani. Alikuwa amejifunga kitambaa kiunoni kama tunavyofanya tukifiwa, na mkeka kichwani wa kumlazia mwanawe. Hakuwatazama askari. Alifika, akamwona mwanawe amesimama, fimbo za ngoma mkononi. Mkeka ukamwanguka. Akakaa chini pale pale, miguu mbele kama mtoto, asiweze kulia wala kunyamaza.

Nyuma yake wakaja wengine. Wanawake na kuni, wanaume na majembe ya kuchimbia, wazee na viti vyao. Hakuna aliyekuwa na uhakika kwamba atarudi nyumbani. Ungeona kwa jinsi walivyoshikana. Lakini mtu hazikwi peke yake. Mwisho kabisa akatoka mchungaji kwenye mahindi, amevaa kanzu yake nyeupe yenye majani, kitabu cha sala kifuani, tayari kuzika.

Afande aliwatazama wote wanavyojaa uwanjani. Akavua kofia. "Hata kwetu," akasema taratibu, "hii ngoma watu nakuja." Halafu akachomoa kisu, akaichana ngozi ya ngoma kutoka upande huu mpaka upande ule. "Lakini hii hapana lia tena." Wakaondoka, na kuku wawili wa sadaka.

Mama mkwe alinishika mkono kwenda nyumbani.  Kesho yake alikuja jikoni kwangu, akaketi, akaniambia nimfundishe kusema "huyu ni mwanangu" kwa Kiswahili. Aliyarudia maneno hayo mpaka yakakaa vizuri.

Vita viliisha kama mvua inavyoisha, leo manyunyu, kesho manyunyu, mpaka siku unaona nguo zimekauka. Makanisa yakaanza kuitana tena. Tulifanya mnada wa mavuno, jogoo mmoja akanunuliwa na kurudishwa kanisani auzwe tena mpaka akachoka. Mume wangu akaenda Mbale akaleta ngozi mpya. Ngoma ya ibada ikalia, watu wakaja wakicheka, na nikadhani tumepona.

Kisha mama mkwe akafa, kwa uzee, kitandani kwake, asubuhi. Mume wangu aliosha uso, akaenda uwanjani, akampigia mama yake ngoma ya msiba. Pigo moja, kimya. Pigo jingine, kimya. Jua likapanda. Hakuna aliyekuja.

Nikaenda mwenyewe kwa miguu. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya rafiki wa marehemu, aliyeimba naye kanisani tangu usichana. Mlango ulikuwa umefungwa, moto jikoni umemwagiwa maji, bado unafuka. Nikabisha, nikataja jina langu. Sauti yake ikaja kutoka nyuma ya mlango, chini chini.

"Mwanangu, askari ni wangapi?"

"Hakuna askari, mama," nikamwambia. "Safari hii mtu amekufa kweli."