Uzi Mwekundu na Shamba la Usoke

Haya, sogeeni jamani, na wewe uliyeegemea mlango, ingia, hapa hakuna anayehesabu vichwa. Niwaeleze siku niliyoogopa mpaka kivuli changu kikataka kunikimbia.

Miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa, nilikuwa fundi magari, natengenezea uani kwangu, mtaa wa Mtendeni, mjini. Mkubwa mmoja wa kuhamisha watu, Mzaramo mrefu kama mnazi wa kwao, akaniletea gari lake. Magurudumu ya mbele yalikuwa yamegoma kusaidia ya nyuma, akalala siku mbili kwenye tope la Usoke.

"Kikopo cha upepo kimekufa," akasema. "Kipya hiki, kimekuja na treni. Kesho tunakwenda wote. Likikwama, nakuhamishia hapo hapo, ndipo shamba lako la tumbaku. Mtendeni hutarudi."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Kikopo chenyewe kina mipira miwili kama mabomba, inayonyonya pumzi ya injini. Ukivuta kitufe mbele ya dereva, mpira mmoja unanyonya, magurudumu ya mbele yanaamka. Ukikisukuma, unanyonya wa pili, yanalala. Nikafunga uzi mwekundu kwenye mpira wa kuamsha nisije nikachanganya, nikachomoa yote, nikaenda kuswali alasiri. Narudi, uzi hakuna.

"Mama watoto, uzi wangu uko wapi?"

"Ule mwekundu? Nimeshonea kifungo cha kanzu yako. Si umelalamika tangu Ramadhani?"

Nikaichomeka kwenye kikopo kipya kwa kubahatisha. Mipira inafanana kama mapacha, na uani pakavu, huwezi kujua kama magurudumu ya mbele yanavuta.

Asubuhi nikashika usukani, kanzu mwilini, kile kifungo kinanitazama. Jasho lililonitoka lingemwagilia miche ya tumbaku ya Urambo nzima. Kila dimbwi naliona lina meno.

Karibu na Usoke tukaingia tope la kumeza twiga akiwa amesimama. Nikavuta kitufe. Magurudumu ya nyuma yanachimba kisima, ya mbele yametulia kama maharusi.

Mkubwa akashuka, akazama mpaka magotini, viatu vikabaki huko chini. Akaanza kutazama pembeni ya njia, anapapima kwa macho. Jamani, alikuwa ananichagulia shamba.

Sasa mimi Mnyamwezi, na Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara. Tunatukanana, tunazikana, na nguo za marehemu hubeba mtani. Lakini nani anamtania mkubwa mwenye daftari la majina ya wanaohamishwa? Hofu ikanifungua mdomo yenyewe.

"Mzaramo, babu yangu alitembea kutoka hapa mpaka kwenu pwani, pembe ya ndovu begani, hakukwama. Wewe una gari."

Akanigeukia polepole. Nikajua nimekwisha. Nikajikunyata usukanini, kiwiko kikagonga kitufe kikarudi ndani. Mara magurudumu ya mbele yakauma ardhi, gari likaruka kama swala, likamwacha mwenyewe topeni.

Akaja pekupeku, ananuka tope la mbuga. Nikamweleza yote: uzi, kifungo, mke, mipira niliyoigeuza. Akakishika kile kifungo, akakitazama.

"Shamba sikupi tena, Mnyamwezi," akasema. "Ukifa, kaburi lako nachimba mimi mtani wako. Lakini kanzu ya marehemu naichukua leo, maana nguo zangu zina tope."