Kula kwa Saa

Mpaka mke wangu alipofariki, sikuwahi kujiuliza chakula kinapatikanaje. Nilirudi nyumbani, nikafunua kawa, nikala. Baada ya msiba majirani walileta vyakula kwa siku kadhaa, kisha wakaacha, kama ilivyo kawaida. Nikawa nakula ninapokumbuka: mihogo ya kukaanga asubuhi, maandazi saa kumi, siku nyingine chai tupu mpaka kesho yake. Nilikuwa na miaka arobaini na mitatu na sikujua kwamba maharage hulowekwa.

Kisha kidonda kilichonitoka kisiginoni kikagoma kupona. Muuguzi wa kliniki ya kisukari hakunizungusha.

"Sindano unachoma nusu saa kabla ya kula. Ukishachoma, lazima ule, la sivyo sukari itashuka uanguke. Ukiendelea na maisha haya, kaka, huu mguu utakatwa."

Baba yangu alikatwa wa kwake. Mimi ndiye niliyembeba kwenda msalani kwa miaka miwili. Nikanunua daftari.

Kila Jumapili nilipanga wiki nzima: saa mbili, saa saba, saa moja usiku. Wali niliupima kwa kikombe cha chai. Shangazi yangu alipokuja kutoka Kaole kunitazama, alisimama kwenye mlango wa jiko akacheka mpaka akajishika kiuno.

"Mwanamume mzima anapima wali kama dawa! Na mgeni akija?"

"Nitamgawia, shangazi."

"Umgawie nini hapo? Hicho hakimshibishi hata paka."

Wiki tano sikukosa saa hata moja. Kidonda kikaanza kuziba.

Kisha ikaja hitima ya marehemu mume wa shangazi. Nilifika Kaole saa sita, nikaona sufuria la pilau limeshapaliwa makaa juu ya kifuniko. Nikapiga hesabu: saa saba tutakuwa tunanawa. Saa sita na nusu nikaenda nyuma ya nyumba, nikajichoma.

Saa saba kisomo kilikuwa kinaendelea. Saa saba na nusu ikaanza dua, na kila marehemu wa ukoo akaombewa. Mfukoni nilikuwa na tende tatu. Ukumbi mzima umeinua mikono, mimi nitafune? Jasho likanitoka, mikono ikatetemeka, nami nikazidi kuiinua. Nikaanguka, kisigino kikagonga ukingo wa baraza. Walinizindua kwa maji ya sukari. Kidonda kilikuwa kimefumuka chote.

"Tende ulikuwa nazo?" muuguzi aliuliza kesho yake.

"Nilikuwa nazo."

Alifunga bandeji bila kunitazama. Alinipa wiki mbili kidonda kianze kuziba. Baada ya hapo, daktari wa upasuaji.

Jumatano shangazi akapiga simu. Ijumaa watu wanakusanyika tena kwake kwa kisomo.

"Nitakuja, shangazi. Lakini nitakuwa nimeshakula."

"Uje kwangu umeshiba? Watu waseme nini, kwamba pilau langu lina sumu?"

"Ni kwa ajili ya mguu."

"Basi kaa na mguu wako," akasema, akakata.

Ijumaa saa sita na nusu nilichoma sindano. Saa saba nilikula peke yangu nyumbani, kikombe kimoja cha wali, mchicha na kipande cha samaki, na sikuhisi ladha yoyote. Kisha nikafungua bandeji. Kidonda kilikuwa vilevile.