Usukani Uliotaka Kwenda Kawangware

Kaka yangu alipofariki, kamati ya mazishi ilipanga asafirishwe nyumbani, magharibi, kwa pikapu ya kukodi. Mimi niliomba aende kwa gari lake mwenyewe, steshen wagoni kuukuu alilokuwa akibebea mbao, nami niwe dereva. Sikuwa na sababu kubwa. Nilitaka tu. Kamati ikakubali kwa sharti moja: usukani, uliokuwa mzito na kuvuja mafuta njia nzima, uwe umetengenezwa kufikia saa sita, maana mochari ilitungoja. La sivyo, pikapu.

Asubuhi hiyo nikalipeleka gari mtaa wa Laini Saba, kwa fundi anayefanya kazi kando ya reli. Senje, yaani shangazi yetu, alikuja pia, pamoja na mwanakamati aliyetumwa kuangalia saa. Walikalia tairi kuukuu wakaimba nyimbo za msiba huku fundi akifungua pampu ya usukani. Kila walipoomba, fundi alivua kofia, akafumba macho. Na waliomba sana. Pampu ilifungwa sili mpya kati ya maombi mawili, na paipu zikarudishwa katikati ya "Baba Yetu".

"Washa, buda," fundi akaniambia.

Nikawasha. Usukani ukazunguka wenyewe kulia, mpaka mwisho, ukaniponyoka mikononi. Nikaurudisha kwa nguvu. Ukaenda tena kulia. Nikazima.

Senje akasimama. Kwetu marehemu akikataa safari, gari huzima njiani, na watu humsemesha kwa upole mpaka akubali. Shida ni kwamba kaka hakuwa ndani ya gari. Alikuwa mochari.

"Hiyo haimzuii," senje alisema. Akainama dirishani, akamsemesha kaka kwenye kiti kitupu kando yangu: "Baba, unataka nini? Tuambie tu." Kisha kwangu: "Washa tena."

Kulia.

"Kulia ni wapi?" senje akauliza.

Mwanakamati akanyoosha mkono. "Kawangware."

Kaka aliishi Kawangware 46, na kamati ilikuwa imeamua tusimpitishe kwake kuaga, kwa sababu ya jam ya magari.

"Si mnaona?" senje akasema. "Mlitaka kumbeba kama gunia."

Fundi akatoka chini ya gari. "Mathe, si yeye. Ni mimi. Nilifumba macho nikafunga paipu ya kushoto mahali pa kulia."

"Na nani alikufumbisha macho?"

"Ni maombi, mathe."

"Maombi ya nani?"

Fundi akamtazama mwanakamati, asipate msaada. "Ya marehemu."

"Haya. Badilisha paipu zako."

Akazibadilisha. Usukani ukatulia. Mwanakamati akasema saa sita bado, basi twende mochari, kisha nyumbani moja kwa moja. Mimi niliamini paipu, si senje. Lakini nikasema tutapitia kwa kaka.

Tulipofika Kawangware na jeneza nyuma, uchochoro ulikuwa mtupu. Mwenye ploti alikopanga kaka, mama mzee, alitoka na ndoo ya nguo, akashtuka kutuona.

"Mbona sikuwasikia? Hilo gari likikata kona hapo hulia kama mbuzi. Mimi huamka nalo."

Nikamwambia usukani umetengenezwa, haulii tena.

Akaweka ndoo chini, akashika mlango wa nyuma. "Pole sana," akasema.