Kabla ya Kuzima Gari

Gari la turbo halizimwi ghafla. Hilo nililijua kabla sijajua kuendesha, kwa sababu mume wangu alimweleza kila mgeni aliyepanda, apende asipende. Akifika nyumbani kwetu Msambweni aliliacha gari lingurume polepole uani, yeye amekaa ndani, mlango wazi, mguu mmoja nje, akingoja turbo, ile feni ya kuisukumia injini hewa, ipoe. Mimi jikoni nikiusikia mngurumo ule nilijua nina nafasi ya kumimina chai vikombe viwili na kukitia chake sukari, nyingi kupita kiasi. Gari likinyamaza, chai iko mezani. Tuliishi hivyo miaka mingi, na sikuwahi kudhani kuwa ni jambo la kukumbukwa.

Alipofariki nilikaa eda. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, alihamia kwangu kunisimamia, na kunisimamia alinisimamia kweli: nisichungulie dirishani, nisijitie manukato, nisipaze sauti ikasikika uani penye wanaume. Shemeji yangu, mdogo wake marehemu, naye alijipa kazi ya kuliangalia gari. Kila Ijumaa akitoka msikitini alikuja, akalitia moto, kisha nikasikia ndoo ikiteremka kisimani. Alikuwa akijaza rejeta kwa maji ya kisima chetu, na kisima chetu kina chumvi; hata maharagwe hukataa kuiva kwa maji yale. Mume wangu alitia kulanti, yale maji ya rangi yanayouzwa madukani kwa ajili ya kupoza injini, na hakuruhusu tone la kisima lilikaribie gari lake.

Nilimwambia wifi, "Tafadhali mwambie asitie maji ya kisima."

"Mwenye eda hana shughuli na magari," akanijibu. "Soma uradi wako."

Nikasoma uradi wangu huku masikio yako uani. Shemeji alimaliza kujaza, akalizima gari papo hapo, bila kungoja hata kidogo. Hilo ndilo lililoniuma kuliko chumvi. Kila Ijumaa mkono wangu ulikwisha kushika birika, na gari likakatika kabla sijamimina.

Nilipotoka eda nilitaka jambo moja tu, nalo ni kwenda Vanga kwa dada yangu. Dada ndiye mtu pekee niliyebaki naye kwa upande wetu. Miguu yake imevimba, hatoki nje ya ua wake, na hakuweza kuja mazikoni. Tulilia kwa simu mpaka simu yake ikaisha chaji. Zamani nilikwenda kwake na mume wangu kwa gari lile lile, na dada alikuwa akimtania kwamba gari lake lina adabu, linabisha hodi muda mrefu kabla ya kuingia. Wifi alipofunga virago na nyumba ikabaki yangu peke yangu, nilihisi kuta zinanitazama. Nilikuwa bado napika wali wa watu wawili. Nilitaka kukaa na mtu aliyemjua mume wangu na asiyenipa amri.

Shemeji alisema nipande basi. "Gari la turbo si la mwanamke, shemeji. Litakulaza njiani peke yako."

Nikamwambia kulala peke yangu nimekwisha zoea. Aliinamisha macho, akaaga.

Lakini maneno yake yalitimia, na hakuna kitu kinachokera kama mtu wa aina ile kusema kweli. Niliondoka asubuhi, na kabla sijafika Ramisi mshale wa joto ulipanda, moshi mweupe ukatoka mbele. Nilisimama kando ya mashamba ya miwa, nikangoja injini ipoe, nikatia maji ya dumu nililobeba, nikageuza. Nilirudi nyumbani taratibu, nikisimama kila mara. Sikumpigia shemeji simu, na sikumpigia mtu mwingine yeyote, kwa maana nilipotafuta jina la kumpigia, nililolifungua lilikuwa la mume wangu.

Kesho yake nilifungua boneti. Mipira ya maji, ile inayotoa maji kwenye rejeta kuyapeleka kwenye injini na kuyarudisha, ilikuwa imekwisha. Ilikuwa imezeeka tangu zamani. Marehemu alikuwa akiahidi kuibadilisha kila akitoka Ukunda. Chumvi ikaimalizia. Kwenye vifungo, vile vya chuma vinavyoibana, ilikuwa imevimba na kuota ukoko mweupe, na ukiibonyeza katikati ilitoa mlio wa kupasuka. Mmoja marehemu alikuwa ameufunga kwa mshipi wa kuvulia, ule mwembamba wa plastiki, umezungushwa mara nyingi na kukazwa vizuri. Mume wangu alizaliwa Bodo; kwake yeye hakukuwa na kitu duniani kisichofungika kwa mshipi.

Niseme jinsi nilivyoijua kazi hii. Sikuwahi kuifanya. Alipokuwa akitengeneza, kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye kiti cha dereva na kukanyaga mafuta akiniambia nikanyage. Boneti ikiwa juu hamwonani. Yeye huko nyuma ya bati alizungumza muda wote, akitaja anachoshika: huu mpira wa juu, huu wa chini, hii miwili midogo ya turbo, wajinga hubadilisha mikubwa wakaisahau hii, nayo ndiyo inayopikwa na moto. Mimi nilimsikiliza huku nikitia uzi kwenye sindano, maana mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule, na sikujua kukaa mikono mitupu. Kwa hiyo injini ile niliijua kwa masikio. Sasa ilinibidi niinue kila neno nilitafutie kitu chake.

Nilikwenda Ukunda kununua mipira. Kijana wa duka alinitandikia mezani ile mikubwa, kisha akanipa ya kawaida kwa ajili ya turbo.

"Hii itatosha tu, mathe. Ya turbo ni ngumu kupata."

"Itayeyuka," nikamwambia. "Nataka inayostahimili moto."

Akanitazama upya. "Kwani mzee ako wapi? Si angekuja mwenyewe?"

"Yuko Bodo," nikasema.

Ilikuwa kweli, huko ndiko tulikomzika. Kijana aliingia ndani, akakaa, akatoka na ile niliyoitaka imefungwa kwenye karatasi yenye vumbi. Aliniambia nimsalimie mzee. Nilimwambia salamu zitafika, na nilipofika njiani nikalia, kisha nikajikasirikia kwa kulia hadharani.

Nilianza kazi asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Niliweka beseni chini, nikalegeza kifungo cha chini, maji yakatoka ya rangi ya kutu. Mpira wa juu ulitoka kwa shida. Ule wa chini nilimaliza nusu ya asubuhi nikiuzungusha kwa mikono miwili. Kila nilioutoa niliulaza juu ya mpya, kama ninavyolaza kitambaa juu ya kielelezo, nikaona unapinda wapi na unaishia wapi, ndipo nikakata. Mshipi wa Bodo nilijaribu kuufungua fundo kwa fundo. Haukufunguka. Alikuwa amefunga kwa nia ya kutofungua, na kisu changu cha jikoni kilikata pale ambapo vidole vyake vilivuta. Niliumia moyoni. Niliutupa kwenye beseni pamoja na mpira wake, kwa sababu ningeuweka ningekuwa naweka kila kitu, mpaka kandambili zake mlangoni, na kandambili bado ziko mlangoni.

Ile miwili ya turbo ilikatika vipande kama kashata nilipoigusa. Ilibidi nilale chini ya gari, mgongo kwenye mkeka, nikipapasa kwa vidole kitu nisichokiona. Nilijichubua, nikatukana maneno ambayo wifi angeninyang'anya tasbihi kwa ajili yake. Kisha mpira ukaingia, nikakaza kifungo, nikabaki pale chini nimelala. Palikuwa na ubaridi, na harufu ya dizeli ambayo marehemu alikuwa akinawia mikono. Sikuwa na mtu wa kuniita nije nile, kwa hiyo nilikaa nilivyotaka.

Jua lilipokwisha kupita utosi nikatia kulanti. Hapo ndipo nilipokwama. Ukishabadilisha mipira, hewa hubaki ndani ya mabomba, na hewa ikibaki gari litachemka tena hata ukiwa na mipira ya dhahabu. Hutolewa kwa kuliwasha gari na mfuniko wa rejeta uko wazi: mmoja anakanyaga mafuta pole pole, mwingine anatazama mapovu yakitoka na kuongeza maji. Ni kazi ya watu wawili. Ndiyo kazi yetu.

Nilijaribu peke yangu. Nilikanyaga, nikashuka, nikakimbilia mbele, mapovu yameacha. Nikarudi nikakanyaga, nikashuka. Na gauni langu, na magoti yangu haya. Mara ya mwisho nilisimama mbele ya gari, mbele ya boneti iliyoinuliwa, nikajikuta nasema kwa sauti, "Kanyaga." Hakuna aliyekanyaga.

Jirani yangu alinisikia. Ni mama wa bara, analima mihogo na mahindi shamba linalopakana na langu, Jumapili huenda kanisani na kitabu cha nyimbo kwapani. Tulikuwa tukisalimiana tu kwa miaka yote. Wakati wa eda aliniletea mahindi mabichi akayaacha kizingitini. Alisimama na jembe lake kwenye ua wa makuti.

"Mama, uko sawa? Nimekuona ukikimbia huku na huku."

"Niko sawa," nikasema, kwa ukali nisioukusudia.

"Hauko sawa," akasema. "Niambie nikae wapi."

Akanawa miguu kwa maji ya kopo kabla ya kuingia garini, heshima ambayo shemeji hakuwahi kulipa gari lile. Nilimwonyesha kidude cha kukanyaga. Nikarudi mbele, na boneti ikamficha. Hapo sikumwona aliyekaa ndani, na roho yangu, ambayo huwa haina akili, ikakubali kwa muda kuwa haijui ni nani.

"Kanyaga pole," nikasema. "Shikilia hapo. Sasa achia."

Yalikuwa maneno ya mume wangu, kwa mpangilio wake. Gari lilipanda sauti na kushuka. Mapovu yalitoka makubwa, kisha madogo, kisha maji yakatulia na kujaa.

"Imetosha, mama?" sauti ya jirani ikauliza, ya kike na ya bara, na mambo yakarudi yalivyo. Nikamwambia imetosha. Nilitaka kumkaribisha chai, nikashindwa kusema, naye akachukua jembe lake akarudi shambani. Nina deni la kikombe kile mpaka leo.

Nilikwenda Vanga siku iliyofuata. Nilitazama mshale wa joto kuliko nilivyotazama barabara. Pale Ramisi nilisoma kila dua niliyoijua. Mshale ulibaki katikati. Baada ya Lunga Lunga njia ikawa mbovu, gari likanirusha, mikoko ikaonekana kwa mbali, na mshale ukabaki pale pale, nami nilikuwa na furaha na sina wa kumwonyesha.

Niliingia uani kwa dada. Sikulizima gari. Niliacha lingurume, mlango wazi, mguu mmoja nje, kama nilivyofundishwa bila kufundishwa. Nilisikia ndani vyombo vikigongana. Kisha nikalizima, nikaingia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Pole. Pole sana." Hakuweza kuinuka; alinishika kiuno akiwa ameketi, akanilaza kichwa tumboni, tukakaa hivyo.

Mbele yake palikuwa na sinia, na juu ya sinia vikombe vitatu vya chai, vyote vinatoa moshi. Alifuata macho yangu, akavitazama na yeye.

"Nilisikia gari," akasema. "Nikamimina."

Akanyoosha mkono akirudishe kile cha tatu kwenye birika. Nikamwambia akiache. Nikaketi mkekani karibu na miguu yake, nikanywa changu polepole mpaka kikaisha, kisha nikavuta kile cha tatu. Kilikuwa na sukari nyingi mno, nami nilikinywa chote.