Ubao wa Kupimia Mto

Dalmas Ondiek alihamia Kitengela mwaka wa 1991, kazi yake kupima mto. Kila mwezi alishuka kwenye korongo lililo nyuma ya machimbo ya mawe, akasoma namba iliyofikiwa na maji kwenye ubao wa chuma uliopigiliwa mwambani, akajaza fomu na kuipeleka kwa wakubwa wake Kajiado. Kisha zikaja mvua za mwisho wa 1997, zikakataa kuisha. Njia ya ng'ombe aliyozoea kushukia ikaporomoka. Wakubwa wakataka namba hata hivyo.

Akamwomba Kasaine, mchungaji aliyeyajua mawe ya pale kama boma lake, washuke kwa kamba kutoka upande wa juu, mto unakoingilia. Shida ni kwamba Kasaine hakujua kuogelea. Ondiek, mtoto wa ziwani, maji hayakumtisha, ila aliogopa mahali pa juu.

"Weka mguu hapo, Baba Whitney! Si hapo, hapo!" Kasaine alimpigia kelele kutoka chini, akimwita kwa jina la bintiye.

"Hapo wapi? Kwani mimi ni mbuzi?"

Poromoko la maji la kwanza walilishuka wakigombana. La pili, kamba waliyoizungushia mti ikakwama walipoivuta waende nayo. Wakavuta, wakatikisa, wakatukana, haikushuka. Poromoko la kwanza halikuwa tena na kamba, hivyo kurudi juu hakukuwezekana. Mbele yao palikuwa na dimbwi refu la maji ya udongo katikati ya kuta mbili, na sasa aliyeogopa ni Kasaine.

"Nishike bega tu. Usinikabe."

Akamkaba. Walizama mara mbili. Ondiek akamzaba kofi, akamgeuza chali, akamvuta kwa ukosi wa shati hadi kwenye changarawe. Kasaine alitapika maji, kisha akamkazia macho.

"Umenipiga."

"Ulikuwa unaniua, bana!"

Wakaendelea kushuka mpaka kwenye mwamba wa ubao. Ubao haukuwepo. Yalibaki matundu manne ya misumari. Ondiek aliketi kwenye tope. Ni Kasaine aliyeona nyasi kavu na mifuko ya nailoni iliyonasa juu ya vichwa vyao.

"Si maji yalifika pale? Panda mabegani kwangu upime."

Akapanda, akapima kwa futi yake, akachonga alama kwa jiwe. Walipotoka, kwa kufuata mkondo hadi korongo linapoishia, akaandika kwenye fomu: ubao umesombwa, maji yalipanda futi tisa juu ya mahali pake.

Baada ya wiki tatu fomu ilirudi imepigwa mstari mwekundu. Agizo: ajaze namba iliyosomwa kwenye ubao.

Aliandika barua nne kuomba ubao mwingine. Ulikuja mwaka wa 2001, wakubwa wakaufunga kwenye kijito kando ya barabara, mahali pasipo na maji nusu ya mwaka. Ondiek alibishana nao mpaka sauti ikamkauka. Mwishowe akawa anajaza sifuri, mwezi baada ya mwezi, bila hata kwenda kuutazama, na ofisini wakamsifu kwa kuleta fomu mapema.